Dume wa Kichupa Namba Thelathini na Moja

Watu wa kituo cha utafiti walimwita Jicho, na hawakumwita hivyo kwa kejeli. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na mmoja, mfupi, mabega yameinama kidogo kwa kuinamia hadubini miaka ishirini na mitatu. Alianza kazi pale kwa kufagia. Siku moja mchambuzi wa sampuli aliugua, naye akaambiwa akamwage ndoo ya tope lililochotwa chini ya bahari. Kabla ya kumwaga akachungulia, akasema, "Humu kuna kitu kinatembea." Kweli kilikuwemo. Tangu siku hiyo hakushika tena ufagio, isipokuwa nyumbani kwake.

Kazi yake ilikuwa kuchambua. Tope, mchanga na sifongo vilipoletwa kutoka baharini, alivisuuza juu ya chekeche laini, kilichobaki akakitia kwenye kisahani cha kioo, kisha akakaa na kibanio chake kutoa kiumbe mmoja mmoja: konokono wadogo kuliko punje ya ulezi, minyoo, na hasa wale jamaa wadogo wa kamba na kaa ambao hata mtu aliyezaliwa ufukweni anaweza kufa bila kujua kwamba wapo. Kila aina ilipata kichupa chake chembamba chenye spiriti. Alikiziba kwa pamba, akakitumbukiza kichwa chini ndani ya chupa kubwa ya mdomo mpana, yenye spiriti pia, ili kisikauke. Chupa zilipangwa kabatini kwa namba, na ufunguo wa kabati walikuwa nao watu watatu.

Sasa, Jicho alikuwa mtu wa kushuku. Mumewe, fundi wa majokofu asiyekaukiwa na utani, alizoea kusema kwamba akichelewa kurudi mkewe humhesabu mpaka vifungo vya shati. Lakini hakuzaliwa hivyo. Miaka kumi na miwili nyuma mtafiti mmoja aliyekuwa akipita aliazima daftari lake la michoro, "kwa siku mbili tu." Mwaka uliofuata michoro ileile ikaonekana ndani ya kitabu kizuri, na nyuma ya jalada anatabasamu yule mwazimaji. Jina la Jicho halikuwemo hata kwenye shukrani. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na Jicho tangu hapo akawa anashtuka hata akiona uzi.

Mambo yenyewe yalianza Jumatatu asubuhi, alipopasua kipande cha sifongo ya rangi ya chungwa kilichokwanguliwa kwenye nguzo ya gati. Ndani ya vishimo vyake walikaa viumbe kumi na mmoja, kila mmoja milimita tatu, miili imebapa ubavuni kama watu waliopita mlango mwembamba wakabaki hivyohivyo. Kumi walikuwa majike na watoto. Mmoja tu alikuwa dume aliyekomaa. Jicho alimlaza, akaongeza nguvu ya lenzi, akaanza kuhesabu kama kawaida yake: jozi mbili za papasi kichwani, zile nyuzi za kupapasia, jozi saba za miguu, na katika hiyo jozi mbili za mbele zenye magando. Alipofika kwenye gando la pili akasimama.

Aina inayoishi ndani ya sifongo ile alikwisha kuichambua mara zisizo na idadi. Dume wake ana jino moja kwenye ukingo wa gando. Huyu alikuwa na mawili, na kati ya meno hayo palikuwa na kishimo cha mviringo, safi, kana kwamba kimetobolewa na msumari.

"Unanidanganya wewe," Jicho akamwambia.

Alimshuku kwanza dume mwenyewe. Labda gando lilivunjika likaota vibaya. Akamgeuza upande wa pili. Meno mawili, kishimo kimoja. Akaishuku lenzi, akaipangusa. Akahamia hadubini nyingine. Akatoa vitabu, akatoa makala za zamani zilizopigwa chapa kwa mashine, akatafuta gando la namna ile ukurasa hadi ukurasa. Siku mbili hakupata. Ndipo moyo ukaanza kumdunda, na pamoja na kudunda huko akaanza kuangalia mlango.

Waliokuwa na funguo nyingine ni wawili. Mmoja alikuwa Mkuu wa kituo, mwanamume mnene, mpole wa sauti, aliyekaa kwenye kiti hicho miaka kumi na minne na ambaye kila mwanamke kwake alikuwa "dada yangu." Lebo nyingi za kabatini zilikuwa za mwandiko wake. Mwingine ni msomi kijana aliyeajiriwa miezi sita nyuma, msichana wa miaka thelathini hivi aliyesomea wanyama hawahawa mpaka kupata udaktari. Walimwita Daktari Mdogo. Alivaa viatu vya raba visivyotoa sauti, na Jicho hakumpenda mtu anayefika bila kusikika.

Hata hivyo hakuwa na budi kumwonyesha, kwa kuwa hakuna mwingine pale aliyewajua wanyama hao kwa kina. Daktari Mdogo aliinamia hadubini akamgeuza dume upande mmoja, kisha wa pili. Alipoinua kichwa hakusema hongera wala pole.

"Mama, huyu umemwonyesha nani mwingine?"

"Bado sijamwonyesha mtu."

"Basi usimwonyeshe kwanza."

Maneno hayo yalimwingia Jicho kama mwiba. Kwa nini asimwonyeshe? Mtu mwema ana haja gani ya siri? Mchana huohuo akaenda kwa Mkuu akamweleza kila kitu. Mkuu alisikiliza, akatikisa kichwa taratibu.

"Dada yangu, mimi simsemi mtu. Lakini vijana wa siku hizi wana haraka ya majina. Chunga mali yako."

Ushauri huo Jicho aliushika kwa mikono miwili. Jumatano hiyohiyo jioni akamwona Daktari Mdogo amefungua kabati, anasoma lebo moja baada ya nyingine na kuandika kitu, kisha akatia kalamu mfukoni na kuondoka. Alhamisi Jicho akahamisha kichupa namba thelathini na moja, kile cha wale kumi na mmoja, akakificha kwenye rafu ya chini nyuma ya chupa za minyoo. Ijumaa jioni, wenzake wakiwa wanafunga madirisha, akakitoa haraka haraka, akabadilisha spiriti na pamba, akakirudisha mafichoni huku akisikiliza ukumbini kama kuna viatu vya raba.

Jumatatu mlinzi wa getini akamwambia, bila kuulizwa, kwamba yule daktari alishinda ndani Jumamosi nzima peke yake.

Jicho hakuvua hata mkoba begani. Alifungua kabati, akakitoa kichupa, akawamwaga kwenye kisahani na kuhesabu. Kumi. Akahesabu tena kuanzia upande wa pili, maana hesabu nayo aliishuku. Kumi. Majike na watoto wote walikuwepo. Dume hakuwepo.

Bila dume mwenye gando lile hakukuwa na aina mpya, kulikuwa na majike kumi wanaofanana na majike wengine wote. Alikwenda kwa Mkuu machozi yakimlenga.

"Nani alikuwa na ufunguo Jumamosi?" Mkuu akauliza kwa upole.

"Si unamjua."

"Mimi kujua hakutoshi. Andika barua. Uandike ulivyomwona akichukua."

"Lakini sikumwona akichukua, Mkuu."

"Hujawahi kumwona kwenye kabati?"

"Jumatano nilimwona."

"Akatia kitu mfukoni?"

"Alitia kalamu."

"Ulikuwa umesimama mbali. Una hakika gani ilikuwa kalamu?"

Hakika Jicho alikuwa nayo, maana ile kalamu ilikuwa ya kijani na aliiona mwenyewe ikichungulia mfukoni. Lakini hasira ni mwandishi mwepesi. Aliandika: *Nilimwona akifungua kabati la vielelezo na kuondoka na kitu mfukoni.* Hakutaja siku na hakutaja kalamu. Akatia sahihi.

Kabla ya saa sita Daktari Mdogo alinyang'anywa funguo. Kikao cha nidhamu kikapangwa Alhamisi. Siku hizo tatu msichana yule alikaa kwenye benchi la ukumbini na vitabu vyake magotini, kwa kuwa bila ufunguo hakuwa na chumba cha kuingia. Jicho alipita mbele yake mara nyingi kwenda maabara. Mara ya kwanza Daktari Mdogo alimtazama kama anayesubiri kuambiwa jambo. Baadaye hakumtazama tena.

Jumatano mchana Jicho aliamua kuosha. Kwenye sinki palikuwa na chupa ya pamba kuukuu, zile zilizotolewa kwenye vichupa wakati wa kubadilisha spiriti. Kituo kilikuwa na sheria kuhusu pamba hizo: hakuna kutupa kabla haijasuuzwa na kutazamwa kwa hadubini, kwa sababu viumbe hawa wana miiba na kucha, na hunasa kwenye nyuzi. Sheria ile aliibandika ukutani Jicho mwenyewe, kwa mwandiko wake, na aliwafundisha wote waliopita pale. Akachukua pamba ya kwanza, akaichambua ndani ya kisahani, akatazama. Hamna kitu. Ya pili ilikuwa na gamba la konokono. Ya tatu ilikuwa ndogo, nyeupe zaidi, ya Ijumaa.

Dume alikuwa amening'inia humo, gando lake la pili limekamata uzi wa pamba katikati ya meno mawili.

Jicho hakupiga kelele. Alikaa, akasogeza taa karibu, akashika kibanio. Ilimchukua karibu saa nzima kuukata ule uzi pande zote mbili bila kumgusa mnyama. Alipomtia kwenye kichupa alikuwa mzima, kamili, hana papasi iliyokatika. Ndipo akaelewa jinsi ilivyokuwa. Ijumaa alikuwa na haraka ya kuficha. Alisikiliza viatu vya mtu badala ya kutazama pamba.

Jioni nyumbani mumewe alikuwa mezani amefungua kidude cha jokofu la jirani, bisibisi kinywani.

"Baba watoto, nikikwambia jambo hutacheka?"

"Nikicheka utanihesabu meno," akasema. Lakini alipomwona uso akatoa bisibisi. Jicho akamsimulia habari ya pamba.

"Sasa hilo ndilo la kukukosesha chakula?" mumewe akasema. "Mimi nimewahi kufungua jokofu la watu, nikabadilisha gesi, nikamlaumu fundi aliyenitangulia, kumbe halijachomekwa ukutani. Niliwaambia ukweli. Aibu ilinipata, lakini jokofu likagandisha. Kesho nenda, sema dume alikuwa amenasa kwenye pamba."

"Niliandika barua."

"Barua gani?"

"Kwamba nilimwona akiondoka na kitu."

"Ulimwona?"

Jicho akatikisa kichwa. Mumewe aliweka kidude chini, na utani ukamtoka usoni.

"Hapo sasa si plagi tena, mke wangu," akasema. "Hapo umemchomea mtoto wa watu nyumba. Utakwenda kuizima wewe, tena mbele ya watu."

Asubuhi, kabla ya kikao, Jicho alimpelekea Mkuu kile kichupa. Alitarajia atafurahi. Mkuu alikitazama kwenye mwanga, akafunga mlango.

"Vizuri. Tutasema kielelezo kimepatikana. Kimerudishwa. Nani alikirudisha, hatujui. Hapo hata wewe utakuwa salama, dada yangu."

"Lakini hakikurudishwa. Hakikutoka."

"Nani anajua?"

Jicho alimtazama mtu yule kama alivyomtazama dume siku ya kwanza, upande mmoja, kisha upande wa pili. Miaka yote alikuwa ameshuku viatu vya raba, na sauti hii laini hajawahi kuishuku hata mara moja. Akakumbuka Daktari Mdogo akisoma lebo kabatini na kuandika.

"Mkuu," akauliza, "yule binti alikuwa anaandika nini Jumatano?"

Mkuu alijibu kwamba hayo hayamhusu. Basi Jicho akajua yanamhusu Mkuu mwenyewe.

Kwenye kikao walikaa watu watano. Karatasi ya Jicho ilisomwa kwa sauti, na kila neno lilimchoma masikio. Alipopewa nafasi alisimama.

"Barua ile ni yangu, na ni ya uongo," alisema. "Nilimwona siku ya Jumatano, si Jumamosi. Alichotia mfukoni ni kalamu ya kijani. Dume alinasa kwenye pamba niliyoitoa mimi Ijumaa na sikuikagua. Huyu hapa." Akaweka kichupa mezani.

Mzee mmoja kutoka makao makuu akamgeukia Daktari Mdogo, akamuuliza alikuwa akifanya nini Jumamosi peke yake. Msichana akatoa karatasi. Alikuwa akikagua lebo za zamani. Tatu zilikuwa na majina yasiyo sahihi, na zote tatu zilikwisha kuchapishwa kama aina mpya zilizogunduliwa na Mkuu. Msichana alimkataza Jicho kuonyesha dume kwa kuogopa Mkuu asije akampa naye jina la haraka, la nne. Mkuu alicheka kidogo, akasema makosa ni ya binadamu, na kwa kweli hakuna aliyemfanya kitu. Aliyepata barua ya onyo ni Jicho, pamoja na miezi mitatu ya kuosha vyombo bila kugusa kielelezo. Hakukata rufaa.

Siku ya kwanza baada ya miezi hiyo mitatu, Daktari Mdogo alikuja akasimama mbele ya meza yake. Neno "Mama" alikwisha kuliacha tangu kikao.

"Sikuja kupatana," akasema. "Nataka kumwandika mnyama yule, na mwenye mkono wa kumpasua ni wewe. Lakini sikuamini."

"Nami sijazoea kukuamini," Jicho akajibu kwa ukweli.

"Basi tutahesabu kila mtu peke yake. Kila mguu, kila mwiba. Tunaandika, tunabadilishana karatasi. Pasipolingana tunarudia."

Ndivyo walivyofanya miezi minane. Jicho alipasua kwa sindano mbili nyembamba, akalaza kila kiungo kwenye tone la gliserini juu ya kioo, akafunika. Daktari Mdogo alihesabu na kutoka, Jicho akahesabu na kuficha karatasi chini ya kiganja mpaka mwenzake atoe yake. Hawakunywa chai pamoja. Waliulizana habari za asubuhi na kuishia hapo. Pingili za papasi Daktari Mdogo aliziona nane, Jicho tisa. Walirudia, zikawa tisa, ya mwisho ndogo mno. Miiba ya kibao cha mkia Jicho aliiona minne. Walirudia, ikawa mitatu na nywele moja nene. Alinuna siku nzima, lakini akafuta.

Walipokwisha wakapata jambo ambalo hakuna aliyelitarajia: majike nao walikuwa na alama yao, safu ya vinywele vifupi chini ya mguu wa tano, ambayo aina ya zamani haina. Ingekuwa watu wanaoaminiana, huenda wangeipita. Hawa wawili walikuwa wanatafutana makosa, wakaukagua ule mguu mara sita.

Makala ilipotumwa, wakaguzi wa jarida walirudisha maswali kumi na tisa. Kwa kawaida maswali hayo huchukua miezi. Wao walikuwa na karatasi mbili mbili za kila kiungo, na wakajibu kwa wiki moja. Mnyama akapewa jina la Kilatini lenye maana ya meno mawili. Chini yake yakaandikwa majina ya wagunduzi, la Jicho likiwa la kwanza. Daktari Mdogo ndiye aliyelipanga hivyo, na Jicho alilisoma mara tatu akitafuta mtego ulipo. Mkuu alibandika nakala kwenye ubao wa matangazo na kuandika juu yake kwa wino mwekundu: *Matunda ya uongozi wetu.*

Mwaka uliofuata Daktari Mdogo alipata kazi kwingine. Siku ya kuaga, Jicho alimfuata mpaka getini.

"Hujanisamehe," akasema.

"Sijui," msichana akajibu. "Lakini mtu akiniambia miguu ni jozi saba, nitamuuliza kama umeihesabu wewe." Akapanda gari, akaondoka.

Dume mwenyewe, au viungo vyake vilivyolazwa juu ya vioo vinane, alitakiwa kupelekwa kwenye hifadhi kuu ambako huwekwa vielelezo vya kwanza vya kila aina. Wiki ya kumfungasha, jokofu la maabara likaharibika, na aliyeitwa kulitengeneza akawa mumewe Jicho. Alipomaliza alifuta mikono kwenye suruali akasema, "Hebu nimwone basi, huyu aliyenilaza na mke asiyelala mwaka mzima."

Jicho akaweka kioo chenye gando chini ya lenzi. Mumewe akainama, akafumba jicho moja.

"Nimemwona! Ana manyoya marefu meusi."

"Hizo kope zako. Fumbua vizuri, usibane."

Akajaribu tena. Alizungusha kichwa, akalalamika shingo, akatulia. Jicho, aliyekuwa amesimama nyuma yake, aliona mabega yake yakishuka taratibu.

"Mawili kweli," akasema kwa sauti ndogo. "Na shimo katikati." Akakaa hapo muda mrefu kuliko mkewe alivyotegemea, kisha akainuka na kukuna kichwa. "Nikwambie kitu usikasirike? Mimi wakati wote huo nilikuwa nashuku kwamba hayupo."